Pipa la Bati Uani

Mjukuu wangu Zaina, marahaba. Huku Sindeni tuko wazima, ila mama yako kila siku anauliza kama unakula vizuri huko chuoni.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza uliponionyesha mchoro wa ghala lako dogo la bati la kuhifadhia mahindi.

Nilipokuwa msichana, baba alishusha mahindi darini, juu ya moshi wa jiko, akayafungia kwenye pipa la bati uani. Mama akasema, "Baba Salimu, juani litatoka jasho ndani. Tulisogeze kivulini."

Baba akacheka. "Lisogeze wewe!"

Mama alilisukuma, likamshinda.

Njaa ilipokuja tulifungua, tukakuta ukungu mtupu. Ya mwaka ule siandiki. Baadaye pipa likawa la kukingia maji ya mvua, na mama hakuyanywa mpaka anakufa.

Basi, ghala lako livalishe kitu cha kuzuia joto, mwanangu. Na liwe jepesi, mwanamke alisogeze bila kumwomba mtu.

Bibi yako.