Utani wa Msibani

Mkuza, Kibaha
3 Novemba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepungua, na Mama anakunywesha tangawizi hata ukinuna. Umesema mambo ya uchaguzi yasipite kwenye simu kwa sababu hujui nani anasikiliza, basi naandika. Maulidi akirudi na lori lake la mihogo atakuletea.

Baba, sikujua ndoa ni tamu hivi. Amiri anachemsha chai kabla sijaamka, kisha ananiita "bi harusi" mpaka majirani wanasikia. Bado moyo unanidunda nikisikia pikipiki yake. Na kila siku anauliza habari zako: mkutano ulikuwaje, watu walijaa, umesema nini kuhusu ng'ombe wanaoingia mashambani. Si kila mkwe anajali hivyo.

Utakuwa mwenyekiti wa kitongoji. Nimeshaota.

Mwanao,
Rukaya

Mzenga, Kisarawe
9 Novemba 2024

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Kifua kiko vilevile, mama yako anakusalimu.

Jina langu limeenguliwa. Pingamizi linasema mimi si raia, eti mama yangu alivuka Ruvuma akiwa amenibeba mgongoni. Maneno hayo unayajua. Ni ya Bundala, baba mdogo wa mumeo, siku tulipomzika kaka yangu Mfaume. Yeye ni Msukuma, sisi ni Wazaramo, kwa hiyo ni mtani wetu. Alilala njiani jeneza lisipite, akapiga kelele, "Na huyu Mwinyijuma, aliyevushwa Ruvuma mgongoni mwa mama yake, mrudisheni kwao Msumbiji, nafasi ipo." Watu walicheka. Mimi nilicheka huku nalia. Ndiyo kazi ya mtani.

Sasa mgombea amebaki mmoja, yule anayetaka wafugaji wabaki bondeni. Ng'ombe wa Bundala wako humo.

Nasikia kuna shahidi aliyethibitisha kwamba maneno yale yalisemwa. Jina lake hawalitaji. Muulize mumeo.

Baba yako,
Mwinyijuma

Mkuza, Kibaha
11 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila chakula hakipiti.

Nilimuuliza Amiri tukiwa mezani. Nilitaka acheke, aseme, "Nani, mimi?" Hakucheka.

"Watu wa uchaguzi waliniita," akasema. "Wakaniuliza kama nilisikia yale maneno msibani. Nikasema nilisikia. Ulitaka nidanganye?"

"Uliwaambia ni utani?"

"Hilo hawakuniuliza."

Kisha akanishika mkono, na mkono wake, Baba, bado unanitoa akili. Akasema kuchuja wagombea ndiko kunakolinda kura: afadhali mwenye shaka atoke mapema kuliko ashinde, afutwe, kitongoji kirudie uchaguzi kwa ugomvi. Shuleni, kwenye somo la Uraia, tulifundishwa hivyohivyo, nami nilijibu vizuri kwenye mtihani. Je, hakuna ukweli humo?

Nimemwomba aje kwenye rufaa yako aseme alichokiacha. Amekubali bila kubisha. Alivyokubali haraka ndivyo nilivyoogopa.

Mwanao,
Rukaya

Mzenga, Kisarawe
16 Novemba 2024

Mwanangu Rukaya,

Marahaba. Kula, hata kidogo.

Ukweli umo. Mtu asiye na sifa asijipenyeze. Hata mimi ningempinga. Lakini mkunga aliyenipokea yu hai, anakaa nyuma ya msikiti, na hakuna aliyekwenda kumuuliza. Wamemuuliza mkwe wangu, basi, na kitongoji kizima kikanyang'anywa nafasi ya kunikataa chenyewe. Ningeshindwa kwa kura, ningempa mwenzangu mkono nikaenda shamba. Sasa kila ninayekutana naye namtazama mara mbili. Hata Bundala nimeacha kumtania.

Mumeo alikuja mbele ya kamati ya rufaa. Akasema, "Wazee, yale yalikuwa utani. Sisi na Wazaramo ni watani."

Mjumbe mmoja akamuuliza, "Na wewe ni mtani wake?"

"Ndiyo."

"Sasa tutajuaje kama utani si huu wa leo?"

Chumba kizima kikacheka, na rufaa ikafia hapo.

Amiri angeweza kuendelea. Angemtaja mkunga, maana anamfahamu, na mimi nilipomtaja walisema najitetea tu. Alimsalimia siku ya harusi. Akainamisha kichwa, nami nikamwona anatabasamu. Huenda ni aibu. Wewe ndiye unayekaa naye, mimi uso wake siujui.

Baba yako,
Mwinyijuma

Mkuza, Kibaha
20 Novemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Namwomba Mungu awaweke salama wewe na Mama.

Nilimuuliza kuhusu lile tabasamu. Akasema ni aibu, akalia, nikamfuta machozi kwa kanga yangu, nikamwamini. Nilimwamini siku nzima, Baba, na ilikuwa siku nzuri kuliko zote tangu nije hapa.

Jana Bundala alifika na ng'ombe, mtamba mwekundu, kwenye pikapu. Eti zawadi ya harusi, imechelewa tu. "Mwambie mtani wangu," akasema, "huyu naye katoka Msumbiji." Akacheka peke yake.

Mimi nikauliza tutamweka wapi, na kwa nini leo. Amiri hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na kamba mpya, imeshafungwa kitanzi cha shingo ya ng'ombe.

Kesho nakuja Mzenga. Nimemwambia nakuja kukujulia hali ya kifua. Hajauliza nitarudi lini, nami sijamwambia.

Mwanao,
Rukaya