Sisi Akina Mbiu na Habari Iliyochelewa Ubena

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sijui kuanza kuongea na wewe kwa njia nyingine. Niko hapa Mapinga, mabomba ya watu yananisubiri niyafunge na mimi nimekaa tu. Kuna jambo limenikaba, na ni bora ulisikie kwangu.

Shangazi Mwanaidi hakuwepo kwenye maziko yako. Dada yako wa tumbo moja alikuwa kijijini kwake Ubena anavuna choroko wakati sisi tunakuteremsha kaburini, na kosa ni langu.

Ulipotutoka alfajiri ile niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp: Baba hatunaye, maziko leo baada ya swala ya Ijumaa, Bagamoyo. Nikaona wanasoma mmoja mmoja, pole zikamiminika, nikajiona nimemaliza kazi. Shangazi hayumo kwenye kundi, ana kile kisimu chake cha tochi, na wewe ulishatukataza kumpa mtu habari ya kifo kwa simu. Nikajiambia mwanawe Hamisi atajua la kufanya. Kumbe Hamisi alisoma akiwa na lori huko Dodoma, akanyamaza. Alipofika siku ya hitima alichungulia ndani kwa wanawake, akarudi kuniuliza, "Kaka, Mama umemwacha wapi?" Nikamuuliza kwani yeye hakumwambia. "Mimi nilijua utamfuata mwenyewe," akasema. "Kwani sisi si akina Mbiu?"

Watu wa ukoo mwingine wangempigia tu. Sisi tulimnyima habari kwa sababu kila mmoja alijua kuna mwenzake atakayekwenda.

Unakumbuka nilivyolichukia jina hili? Shuleni waliniita Honi. Siku moja nilirudi nalia, ukanikalisha barazani huku unamenya muhogo, ukanieleza. Babu wa babu yako aliletwa mjini na msafara kutoka bara, mtoto mdogo, hajui hata kwao panaitwaje. Alipokua, liwali akampa mbiu, pembe ya nyati, azunguke mitaani akiipuliza, atangaze amri, mwezi wa Ramadhani ukiandama, na waliofariki. Hakuna aliyemuuliza baba yake ni nani. Wakamwita kwa kile alichoshika mkononi. "Wenzetu wanaitwa kwa baba zao," uliniambia, "sisi tunaitwa kwa kazi. Tukiiacha, hatuna tunachoitiwa." Nilikuitikia ili uniache nikacheze. Nilichotaka mimi ni jina lisilochekwa.

Pembe yenyewe ilishapotea hata hujazaliwa, lakini kazi uliendelea nayo. Akifariki mtu Dunda au Magomeni pale Bagamoyo, unavaa kanzu, unatoka kwa miguu. Ulinichukua mara kadhaa, nami nikajifunza taratibu zako bila kutaka. Habari haisemwi mlangoni. Unayeipeleka usikae. Mwombe mwenye nyumba akae kwanza, ndipo useme, na usiondoke mpaka jirani mmoja awe amefika. Tukikutana na wanafunzi wenzangu nilikuwa najificha nyuma ya kanzu yako, Baba. Nadhani uliniona.

Jumatatu nikaenda Ubena. Shangazi alikuwa uani anapepeta choroko. Alinipokea kwa furaha, akasema nimekuja wakati mzuri, amemwekea kaka yake fungu lake na mimi ndiye nitakayembebea. "Hajambo kaka yangu?" Akanisogezea kigoda, sikukaa. Akanitazama nilivyosimama, na ungo ukashuka taratibu mpaka chini. Amezaliwa nyumba ile ile uliyozaliwa wewe, amemwona babu akitoka, amekuona wewe ukitoka. Akakaa mwenyewe kwenye mkeka, akavuta kanga kichwani, akasema, "Haya, sema. Lini?"

Hilo la lini ndilo lililonimaliza. Nilipomwambia ni Ijumaa, alihesabu kwa vidole kama anayetafuta siku iliyompotea. Alilia sana, bila sauti. Kisha akaniuliza, "Na wewe miguu yako ina nini?"

Jirani alipofika nilidhani Shangazi atanifukuza. Badala yake alijifunga kanga ya pili akasema twende. Akanipitisha kwa watu wote uliokuwa ukiwatembelea pale kijijini. Yeye alibaki nyuma yangu. Mimi ndiye niliyebisha hodi, nikaomba mtu akae, nikasema. Nyumba ya kwanza nilisema haraka mno, nikalazimika kurudia, na mama wa watu akaisikia habari ile mara mbili. Kwenye nyumba ya mwisho mzee mmoja asiyeona vizuri alinishika mkono, akauliza mimi ni nani. Nikamtajia jina letu. Akaniambia nikae sasa, kazi nimeimaliza. Nikakaa, nikalia mbele yake kama mtoto. Makaburini sikuwa nimelia.

Mola akupanulie kaburi lako, Baba. Nimekosa, na siombi mtu yeyote aniambie yameisha. Shangazi naye hajasema amenisamehe. Tulipoagana alisema kitu kimoja tu, kwamba siku yake ikifika kazi isiachiwe Hamisi, wala pasiandikwe chochote popote. Habari yake niipeleke mimi, nyumba kwa nyumba. Nimemwahidi yeye na nakuahidi wewe kwamba nitakwenda. Tangu hapo kila nikiswali namwomba Mungu asinitume mapema.

Mwanao,
Salum