Waziri wa Manunuzi

Jumamosi, 4 Januari

Nimefungua sanduku la nguo za pacha wangu, nikalifunga. Harufu yake bado imo. Siwezi.

Binti yake amekula chumbani tena. Tangu tumzike mama yake hanitazami usoni. Simlaumu — uso ni ule ule. Dada alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache tu, akachukua maneno yote, mimi akaniachia ukimya. Zamani mtoto huyu alikuwa akituangalia huku na huku, anacheka. Sasa anazungumza na ukuta.

Shangazi yake amepiga simu. Kasema kwa upole, na haki anayo: mtoto achague mwenyewe atakaa kwake au kwangu, kabla shule hazijafunguliwa. Nimesema sawa. Kisha nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumanne, 7 Januari

Viatu vyake vya shule vinambana. Itabidi twende moli. Sijawahi kwenda bila dada. Tulimwita Waziri wa Manunuzi, na mimi nilikuwa mbeba mifuko wake. Kazi niliipenda.

Ule kwanza, alikuwa akisema, ukienda na njaa utarudi na vitu hata hujui vya nini. Zunguka moli nzima kabla hujafungua pochi. Risiti usiitupe mpaka kitu kifuliwe mara ya kwanza. Na mabango ya punguzo yasikutie wazimu — bandua stika, bei ya zamani iko chini yake. Siku moja alibandua, chini akakuta bei ndogo zaidi! Akamwita meneja, akamwomba amsomee zote mbili kwa sauti, eti macho yake yana ukungu. Meneja akasoma. Foleni nzima ikasikia. Mimi nilicheka mpaka nikakalia mifuko.

Nimecheka tena leo, jikoni, peke yangu. Halafu kicheko kikageuka.

Ijumaa, 10 Januari

Nimemwambia kesho tukanunue viatu. Akaujibu ukuta: sawa, mama mdogo. Nikadhani yameishia hapo. Akaongeza kwamba twende alasiri, si asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu cha asubuhi jioni kinakuwa adui.

Maneno ya mama yake, hata ule mkato wa sauti.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika dukani, kwenye benchi la kujaribia viatu. Daftari lilikuwa mkobani. Nisipoandika nitalia, na hapa si mahali pa kulia.

Moli yote ni vioo. Kila dirisha namwona dada anakuja, kavaa gauni langu, kabeba mkoba wangu. Nilitembea nimeinamisha kichwa. Binti alikuwa nyuma yangu hatua kadhaa. Najua kwa nini — kwa nyuma hatufanani sana.

Kwenye mashine ya benki akasogea. Mwanaume mmoja alikuwa amesimama karibu mno, pumzi yake naisikia shingoni. Binti akamwomba arudi nyuma kidogo, kwa adabu, lakini si ya kubembeleza. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu nikibonyeza namba ya siri. Kisha akauvuta mkoba wangu kutoka ubavuni, akauweka mbele, akahakikisha zipu. Ni mara ya kwanza kunigusa tangu makaburini.

Tukazunguka maduka yote ya viatu, juu na chini, ndipo tukaingia hili. Muuza viatu akainua kichwa, akafungua mikono.

"Waziri wangu! Umenitupa kabisa!"

Akasema nimepungua, akauliza ni ugonjwa au ni dhambi za kuwatesa wauza viatu. Akasema tangu nipotee biashara imekuwa rahisi mpaka inachosha. Nikafungua mdomo nimwambie. Binti akanishika mkono wa gauni.

"Usimwambie, mama mdogo. Hapa bado yupo."

Na akanitazama. Usoni.

Basi nikawa yeye. Nikakunja soli, nikavuta nyuzi, nikanusa gundi, nikauliza kama hiki ni kiatu au ni kasha la kiatu. Nikataja bei ya kuaibisha. Muuza viatu akajishika kichwa, akaviambia viatu vyenyewe kwamba vimekwisha. Sauti ilinitoka ambayo sikujua ninayo. Binti alikuwa anabana kicheko, mabega yakimtetema. Moyoni nikasema, kama ni hivi, nitakuwa dada kila siku. Nyumbani pia. Abaki tu.

Kiatu kikambana kidogo. Muuza viatu akapanda ngazi kwenda stoo kutafuta namba inayofuata. Katikati ya ngazi akageuka:

"Na pacha wako, yule mpole — hajambo?"

Hakungoja jibu. Akaingia stoo.

Sasa tumekaa. Atarudi, atauliza tena, ni mtu wa kuuliza. Nikisema hajambo, naona ni uongo, ingawa niko hapa napumua. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimemtoa dada dukani kwa mkono wangu, na mtoto huyu ananiona.

Binti haangalii tena viatu. Ananiangalia mimi — si kama dakika ile ya kwanza. Polepole. Kama anatafuta kitu kwenye uso huu, tofauti fulani, na pengine ameiona. Kaniuliza kwa sauti ndogo:

"Kwani hujambo, mama mdogo?"

Tangu msiba hakuna aliyeniuliza hivyo. Wote walinipa pole.

Mkono wake uko gotini pangu. Huko stoo maboksi ya viatu yameacha kuanguka, na mguu wa muuza viatu uko kwenye ngazi ya kwanza, anashuka, anaita kwamba amepata namba. Nafunga daftari, nimjibu mtoto kwanza.