Mpwa Wangu Kaandika Vipimo Kumi, Mizani Inavyo Vitatu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa majina yanabandikwa mlangoni na mwenye gundi ni mimi. Ni fundi katika maabara ya utafiti wa maji, niliingia hapo kuosha chupa, cheti nikakisomea jioni kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono, na mwaka huu tumepata nafasi tatu za wanafunzi wa chuo kikuu kufanya kazi kwetu wiki kumi kwa malipo, waombaji wakafika arobaini na mmoja, na jaribio la kuwachuja nililitunga mimi: vuta mililita moja ya maji, weka kwenye mizani, andika uzito, rudia mara kumi. Basi mtoto wa dada yangu naye akaomba, nami sikumwambia mkuu wa maabara kwamba huyu ni mpwa wangu, tena nikiwa jikoni kwa dada nikamnong'oneza, “Mkuu anapenda namba zinazokaribiana,” naye akacheka, “Mjomba, usijali, zitakaribiana mpaka zikumbatiane.”

Kweli zikakumbatiana! Kumi zote sawa hadi tarakimu ya mwisho, na mkuu kamweka wa kwanza; mimi nimepima maji miaka kumi na tisa, sijawahi kupata namba ileile hata mara tano mfululizo, nikafungua kumbukumbu ya mizani, ambayo huhifadhi kila kipimo, na kwa zamu yake nikakuta vitatu tu. Saba kavitoa kichwani. Wa nne, aliyekosa nafasi kwa hatua moja, ni binti ambaye namba zake zimetawanyika kidogo, na kwenye kipimo cha sita kaandika, “Nimemwaga tone, nimerudia,” akaacha namba zote mbili, na mizani inamuunga mkono namba moja baada ya nyingine, lakini mkuu kasema, “Huyu mkono wake haujatulia.” Nilipomgusia dada akaniwakia, “Mjomba gani wewe, wa kwenye kadi za harusi tu? Maji ni maji, kuna mtu kafa?” na ada ya mwanawe anaitegemea kazi hiyo. Nimeshaamua kijana hapiti, hilo halina mjadala, ila sijui nipite njia gani, na wazo la kuichana karatasi yake na kusema imepotea limeanza kunipendeza. Nifanye nini?

Fundi Mizani

Fundi, pole, tena hongera kwa kufungua hiyo kumbukumbu, maana wengi wangefumba macho. Sasa nikukemee. Uliyeficha undugu ni wewe, uliyenong'ona ni wewe, halafu unataka karatasi ipotee, wewe utoke msafi! Ukiichana utakuwa umefanya alichofanya yeye, tena bila hata kisingizio cha ujana, na yule binti ataingia kama mtu aliyeokota bahati, kumbe ameshinda.

Leo hii mwite mpwa wako, mwoneshe vile vipimo vitatu, umwambie kesho saa tatu asubuhi unaingia kwa mkuu, na akitaka kutangulia kujieleza mlango uko wazi. Akilia, mpe kitambaa; usimpe siku ya pili. Saa tatu ikigonga ingia, awe amekuja au hakuja, uyaseme bila kuyaremba: ni mpwa wangu, nilimdokeza, na mizani inasema hivi. Mkuu akikutoa kwenye uteuzi, toka. Yule binti usimwombee huruma, haihitaji. Weka namba zake kando ya zile za mizani, kisha unyamaze, mkuu asome mwenyewe.

Kwa dada yako nenda kwa miguu yako, si kwa simu. Atakuita majina, yameze. Akiuliza tena nani kafa, mwambie ninyi wa maabara ndio mnaosema kisima hiki kinywewe na kile kifungwe, na aliyebuni namba saba za maji safi hatashindwa kubuni za maji machafu. Kama ada inambana, changa kutoka mfukoni mwako, hapo ndipo ujomba unapoonekana. Nafasi ya mtoto wa mwenzio si mali yako hata uigawe.

Wala kijana usimtupe. Mfundishe kupima mpaka akome kuogopa namba mbaya. Mwakani aombe tena, na jaribio litungwe na mtu mwingine, wewe ukiwa hujui hata siku litakapofanyika.