Noti zenye Sijue Kusoma

Mercredi, tarehe 7 mai

Répétition, zoezi yetu ya mwisho mbele ya concert ya samedi. Tulikuwa bote bane: Osée na Musonda ku violon, Chileshe ku cello, mimi Honorine na alto yangu, ile ndugu mukubwa wa violon. Chileshe alichelewa tena. Mabus zinamukatala na ile cello. Leo receveur wa bus alimwambia hii ni sanduku ya maiti, aende kutafuta corbillard ya kuibeba! Basi anatoka Katuba kwa miguu, cello ku mugongo. Prof Godefroid aliangalia saa yake na akaandika mu cahier. Akiandika vile njo mubaya.

Kiisha Prof akatangaza: samedi tutafanya reprise. Ni kusema tunapiga sehemu ya kwanza, tunafika pa alama ya nukta mbili, tunarudia ku mwanzo, njo tunapita mbele. Mwaka muzima tulikuwa tunaruka ile reprise juu ya kuchunga wakati. Asema, muandike mu partition zenu, zile karatasi za noti. Bote balikamata crayon. Na mimi nilikamata crayon. Nilichora duara. Pa fasi gani? Mungu tu njo anajua!

Niandike hapa, sababu hapa hakuna muntu anasoma: sijue kusoma noti. Hata moja! Mwaka wa tatu mu musique, na karatasi yangu naiona kama ukuta wenye inzi walichafua.

Ku paroisse, papa Antoine wa chorale alikuwa anaimba, siye tunapiga kumufuata. Njo vile nilijifunza. Siku ya kuingia université nilipiga kwa kichwa, bakanipigia mikono, hakuna mwenye aliniwekea karatasi. Kutoka ile siku, Prof akitupatia kazi ya mpya, narudi ku nyumba, naitafuta ku telefone, naisikiliza mpaka inaingia mu vidole. Kiisha nakuya kukaa mbele ya partition na kutoa macho. Musonda akigeuza page, na mimi nageuza.

Shida ni moja. Bale ba ku telefone habafanye reprise.

Vendredi, tarehe 9 mai

Nilipiga mara kumi na mbili. Vidole vinafika pale, vinapita tu mbele. Bon. Nitaangalia Musonda. Akirudia, narudia. Itaenda tu.

Samedi, tarehe 10 mai

Eh Honorine! Eh weye!

Salle ilijaa. Ba prof, ba famille, mama alivaa bikwembe byake bya fête, ku kiti ya mbele. Tulianza muzuri. Muzuri kabisa! Mpaka nikafurahi, na kufurahi njo kuliniua. Tulifika pa reprise na alto inakuwa na ile mwendo ya mbio. Vidole byangu bikaenda byenyewe. Mbele! Osée na Musonda balirudia ku mwanzo. Mimi nilikuwa peke yangu kule mu sehemu ya pili, kama muntu alishuka ku gari pa fasi haijue.

Chileshe alirudia na benzake. Nilimusikia. Mesure moja, mbili za mwanzo. Kiisha akainua kichwa, akaniangalia — na akaruka. Alikuya kwenye nilikuwa. Cello iko na sauti mukubwa, salle nzima ilisikia vile iliruka. Sasa tukawa babili huku, babili kule. Ilikuwa fujo. Osée alisimamisha. Muntu mumoja kule nyuma akacheka.

Tulianza tena ku mwanzo. Balipiga mikono ya huruma. Ku coulisse, nyuma ya rideau, Osée alifokea Chileshe: we uko muzima kweli? Chileshe akasema, pardon, nilipotea.

Alisema nilipotea. Yeye. Na mimi nilikuwa nafunga sanduku ya alto polepole, polepole, kama vile ile kufuli iko na shida.

Dimanche, tarehe 11 mai

Misa ilipoisha, mama alisimama ku mulango wa kanisa anaelezea bantu. Asema, mutoto wangu alipiga muzuri, ni ule kijana wa cello njo aliharibu. Maman Germaine wa chorale akauliza, Chileshe? Mutoto wa mama Mumba? Mama akasema, ule ule.

Mama Mumba alikuwa hapo. Alisikia. Akafunga kitambaa ya kichwa yake vizuri na akaenda.

Nilisikia haya mpaka ku masikio. Lakini kinywa — hapana! Ku nyumba nilikula bukari yangu, nikaosha sahani.

Mardi, tarehe 13 mai

Prof alituita mu bureau yake. Points za musique de chambre, ile kazi yetu ya bane, ku makumi mbili: Osée kumi na tano, Musonda kumi na tano, mimi kumi na ine. Chileshe saba.

Saba! Na yeye iko mwaka wa mwisho. Bila musique de chambre hamalize. Prof akasema tena: atatoka mu quatuor yetu ya bane, Merdi, ule mwengine wa cello, atachukua fasi yake. Na mpaka masomo itaisha, atakaa kila lundi na ba première, bale ba mwaka wa kwanza, kujifunza upya kusoma partition. Sababu, asema, mwenye anachelewa kila siku, kichwa yake pia inachelewa.

Nilifungua kinywa. Naapa, nilifungua. Prof akanigeukia na kucheka kidogo: "Honorine, weye cello ilikuvuta, na haukusimama. Kila partition nakupatia, kisha ya wiki moja unaijua kwa kichwa. Ile njo kusoma! Lundi yenye kuya mikono yangu itajaa. Ile leçon ya ba première utaifanya weye."

Nikasema, merci Prof.

Merci Prof!! Andika tena, Honorine, uone sura yako: merci Prof.

Chileshe alikuwa anaangalia biatu byake. Byenye vumbi.

Mercredi, tarehe 14 mai

Hakuna kitu. Sikupiga alto. Sikula.

Jeudi, tarehe 15 mai

Nilimungojea Chileshe ku mulango wa faculté. Tulitembea mpaka Kamalondo, nilimusaidia kubeba cello, yeye mbele, mimi nyuma. Bantu ba ku bar balikuwa banatuita: pole na kilio! Mara ya kwanza nilicheka tangu samedi. Kiisha nikakumbuka niko nacheka na nani.

Nikamuuliza, juu ya nini ulinifuata? Akasema, ulikuwa peke yako kule. Tu. Kama vile ni kitu ya kawaida.

Nikasema, nilisahau reprise.

Akasimama. Cello ikasimama. "Hono. Hukusahau. Weye unageuza page wakati Musonda anageuza. Na page za violon hazifanane na za alto. Tangu mwaka jana naona unageuza mbele ya kufika ku mwisho wa page."

Nilitaka barabara ifunguke nizame. Mwaka muzima! Alijua mwaka muzima. Nikamuuliza kama aliambia muntu.

"Ile ni yako ya kusema."

"Na points zako?"

Akabeba cello yake peke yake.

Ile usiku... hapana, siandike. Nililia, ni ile tu.

Lundi, tarehe 19 mai

Niko mu salle ya ba première. Naandika hapa pa meza ya Prof, banazani napanga leçon.

Beko kumi, na Chileshe kumi na moja. Alikaa mbele, na cahier ya mpya kama mutoto wa primaire. Ba première banamuangalia na kunong'ona.

Prof aliniachia karatasi ku meza. Asema, hii ni ya mpya, hakuna mwenye aliisikia, hata ku telefone habataipata. Imba kwanza weye, kisha baimbe. Anaenda kujibu telefone, anarudia kutusikiliza. Nilitoka kutafuta craie ya tableau.

Nilirudi. Karatasi iko tu pale pale. Lakini chini ya kila noti, na crayon, kidogo kidogo: mi, fa, sol, sol, la. Yote. Mpaka ku mwisho.

Najua ile maandishi. Namuangalia Chileshe, yeye anaangalia dirisha.

Do ré mi ya kuimba najua, papa Antoine alitufundisha na mudomo. Na hii karatasi nitaimba bila shida. Prof atafurahi. Kumi na ine yangu itabaki. Na saba yake itabaki.

Nilikamata gomme.

Laini ya kwanza nilisha kufuta. Ya pili. Chileshe aligeuka, anatikisa kichwa: hapana, Hono, hapana. Ya tatu. Nafuta na nguvu, karatasi ilipasuka kidogo pa pembeni. Ya ine.

Sasa iko vile Prof aliiacha. Inzi tu. Nasikia sauti yake mu couloir, anaaga muntu ku telefone, na bantu kumi na moja bananiangalia.