Friji Nililolijaribu Mwezi wa Saba

Kwa Mrombo,
Arusha.
9 Septemba 2024.

Mpendwa shemeji Saning'o, Baba Naeku,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta kifua kimepona, na Mama Naeku mgongo umempa nafuu. Sisi tupo, shemeji. Nasema tupo kwa sababu sina neno lingine. Watoto wanaenda shule, Yeyo, mama yenu, anakula vizuri, na mdogo wako Oscar ametoka hospitali, anatembea mpaka getini na kurudi. Mimi nimechoka tu, uchovu ambao nikilala naamka nao.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Shemeji, simu yako unaiweka spika, nyumba nzima inasikia, na haya ni ya kwako peke yako. Nimempa jirani yangu Salwa, anayesafiri kesho kuja huko Songea.

Najua Jumamosi mna kikao cha ndugu na utaingia kwa simu. Na ajenda naijua. Mdogo wenu Lesian ameshasema gari liuzwe, kwamba Oscar ni mzembe, na mtu anayesahau dawa yake mwenyewe hafai kukabidhiwa wageni wa utalii. Mkubwa ni wewe, utakalosema ndilo litakalopita. Basi kabla hujasema, nisikilize.

Unajua tangu Oscar aanze sindano za sukari, shida ni dawa kukaa kwenye ubaridi akiwa safarini. Lile Hiace mlilonunua kwa pamoja mlishaliwekea kitanda na jiko, wageni wanalala humo na yeye kwenye hema, ila friji halikuwepo. Alikuwa anabeba ndoo ya barafu, ikiyeyuka anahangaika. Mwezi wa saba tukasema tununue. Yeye alikuwa na wageni, nikazunguka mimi. Wiki nzima, duka hadi duka, miguu imevimba, kila muuzaji na wati zake na lita zake, mwisho nikawa naitikia tu.

Fundi wetu wa umeme wa magari, Said, alinieleza vizuri. Yapo yenye kompresa, mazito, yanataka betri ya pili, na hayo hata kwenye joto kali yanagandisha. Yapo na mepesi yasiyo na kompresa, yenye feni tu. Hayo yanapoza ndani kidogo tu kuliko nje, kwa hiyo nje kukiwaka, na ndani hakuna baridi. Oscar alitaka la kompresa. Mimi nikajisemea huyu Said anataka kuniuzia betri. Nikachukua jepesi.

Sasa sikia ujanja wangu. Nikasema tulijaribu kwanza. Nikatia maziwa siku mbili, hayakuchacha, nikamwonyesha Oscar kwa majigambo, akanyoosha mikono. Mwezi wa saba, shemeji! Baridi ya huku unaijua, wiki nzima Meru hauonekani kwa mawingu, Yeyo kavaa masweta mawili. Hata maziwa ya kwenye meza yangelala salama.

Mwezi wa nane akapeleka wageni wawili Ziwa Natron, kule kwenye joto kali, siku tisa. Alirudi amelazwa kwenye kitanda cha gari, mgeni mmoja ndiye anaendesha. Sukari ilikuwa imepanda, hata jina langu alilitaja kwa shida. Yule mgeni aliniambia kila waliposimama Oscar alilifunika lile friji kwa taulo lililoloweshwa, akakaa analipepea. Nilipolifungua, ndani kulikuwa na vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto.

Daktari alisema huenda dawa iliharibiwa na joto, akauliza ilikaa wapi. Oscar akajibu kwamba aliisahau kwenye dashibodi. Lesian alikuwepo, akasikia, akawaambia wote. Walipotoka nikainama kumuuliza kwa nini amedanganya.

"Nyamaza, Mama Silantoi," akaniambia. "Mimi walishazoea kunisema. Wewe wakianza kukusema, hutapumzika."

Nikanyamaza. Wiki tatu nimenyamaza, nawachemshia chai wanaokuja kumsema. Juzi Yeyo alimfokea mbele ya watoto, naye akaitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Nilikuwa namenya ndizi, nikaendelea kumenya. Naona aibu, shemeji. Aibu hiyo ndiyo imenichosha kuliko kumuuguza.

Said ameshafunga friji la kompresa na betri ya pili. Safari hii nimelijaribu juani, gari limefungwa vioo, mchana kutwa, na limegandisha. Lakini sikuandikii kwa ajili ya friji.

Msalimie Mama Naeku, na Naeku mwenyewe, na mdogo wake Resiato mwambie shangazi zake wanamuulizia. Mungu wa mbinguni awafunike, muwe na afya na chakula mezani.

Gari mkitaka kuliuza, liuzeni, ni haki yenu. Ila liuzwe kwa kosa langu. Oscar hajui kwamba nimeandika. Jumamosi nitasimama mbele ya wote niseme mwenyewe, na najua atanikatiza ili anifiche tena. Wewe ni mkubwa wake, shemeji. Mnyamazishe, nimalize.

Ni mimi, shemeji yako akupendaye na kukuheshimu,
Aikaeli