Mbegu za Udi Kutoka Uani Kwake

Jumatatu, 3 Juni
Simu asubuhi, namba siijui. Mke mpya wa Fundi — Fundi seremala, aliyekuwa mume wangu! Eti, dada, ule mti wako wa udi uani umezaa, matunda yanapasuka, na Fundi ataukata Jumamosi. Niliupanda mimi, miaka tisa iliyopita. Ana sauti nzuri, huyu. Inaudhi.

Jumanne, 4 Juni
Mbegu za udi hazingoji. Zikikauka siku chache tu, zimekufa. Nitaenda. Siendi! Nikasimame kwenye ua ule kama nani?

Jumatano, 5 Juni
Kaja mwenyewe, huyo mke mpya. Kwa miguu, mbegu ndani ya kitambaa kibichi, kazikumbatia. Sikumkaribisha ndani, nikampeleka moja kwa moja kwenye kitalu changu cha miche. Tumezipanda kwenye sanduku la mchanga, mia mbili na kitu. Anazizika mno! Nikamkemea: funika kidogo tu, kama unamfunika mgonjwa shuka. Akacheka. Nikacheka na mimi, kisha nikajichukia.

Jumamosi, 8 Juni
Mti umekatwa. Fundi alitegemea kukuta ndani ile mbao nyeusi inayonukia. Wapi! Mweupe pe. Mti usiougua hautoi ule utomvu mweusi, hauna udi — angeuliza, ningemwambia. Nimefagia kitalu mara tatu leo.

Jumatatu, 17 Juni
Hakuna kitu. Nimefukua mbegu mbili kuzichungulia. Nimeziua. Mjinga mimi!

Alhamisi, 20 Juni
Zimeota! Nikampigia Bi Mdogo (ndivyo ninavyomwita sasa mke wa Fundi) kabla hata ya kunawa mikono. Kaja mbio, kandambili moja imekatika.

Jumanne, 2 Julai
Ugonjwa wa ukungu. Miche inalegea shingo na kulala, mstari kwa mstari. Imebaki arobaini na mmoja. Bi Mdogo kanitazama nikishika tena ndoo ya kumwagilia: "Dada, mikono yako haitulii. Unaizamisha." Kweli tupu. Kaninyang'anya ndoo. Kwangu!

Ijumaa, 19 Julai
Majani manne kila mche. Tulikuwa tunaihamishia kwenye mifuko, mizizi wazi, haraka haraka kivulini. Mara Fundi huyu hapa getini. Salamu hana. Eti mkewe arudi nyumbani sasa hivi, na miche yote aibebe, maana mti ulikuwa wake yeye Fundi. Bi Mdogo hakuinua kichwa.
"Nitakuja nikimaliza mstari huu."
Akachomeka mche mwingine mfukoni. Fundi akanigeukia mimi: "Wewe ndiye unayemfundisha kiburi. Haya, sema! Miche ya nani?"
Nikasema naenda kuchukua mifuko zaidi.
Niko stoo. Naandika juu ya gunia la mbolea. Mifuko hii hapa, miguuni pangu. Fundi hajaondoka, kivuli chake nakiona chini ya mlango. Na Bi Mdogo ananiita, taratibu tu, kana kwamba tuko wawili peke yetu:
"Dada, mizizi inakauka. Tuendelee?"